MPAKA WA MJI NI SHAURI LA NANI?

Bwana Mhariri na ndugu zangu wanachama,

Naomba nafasi katika kurasa hizi nitoe neno juu ya jambo ambalo makarani twalizungumza sana barazani wakati wa jioni, walakini ni mara chache tulitie katika maandishi. Jambo lenyewe ni hili: mpaka wa kukua kwa mji, yaani mji ufike wapi, nyumba zipande juu kiasi gani, na mahali gani paachwe wazi, je, yafaa ukatwe kwa kura ya watu wote, au uachiwe wakuu na mafundi wa ramani peke yao?

Sababu ya kuandika ni bibi mmoja wa Kariakoo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekaa mezani pangu, katika ofisi ambayo sitaitaja, akaingia akiwa ameshika hati ya nyumba yake iliyokunjwa ndani ya kanga. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Jirani zangu wa kulia na wa kushoto wamejenga ghorofa. Uani kwangu jua halifiki tena, na nguo zangu hazikauki. Wanasema mtaa wetu umeandikwa kuwa wa ghorofa. Nani aliulizwa?" Nikafungua jalada. Mpango ulikuwamo, mihuri ilikuwamo, na nakala ya tangazo ilikuwamo pia, kwa Kiingereza, na siku za kuleta malalamiko zilikuwa zimekwisha pita zamani. Nikamwambia, "Bibi, tangazo lilibandikwa." Akaniuliza, "Lilibandikwa wapi, nami niko Kariakoo tangu kuzaliwa?" Sikuwa na jibu. Lilibandikwa ukutani mwa ofisi yetu.

Basi, tangu siku ile swali lile halijaniacha. Nimeona vema nilipime hapa mbele yenu, maana ninyi ndio mnaoandika matangazo hayo.

Kwanza tukumbuke kwamba mji huu haukupata kuchorwa kwa kuulizana. Sultani Majid wa Unguja aliuanzisha katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wadachi wakaufanya makao ya serikali yao mwaka 1891, nao ndio waliopima mitaa iliyonyoka ya upande ule ambao leo ni Kariakoo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, hapo pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi waliokuwa wakiitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukaligeuza jina hilo, likawa Kariakoo, na mwaka 1923 pakawa soko. Kisha mji ukakatwa vipande vitatu: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, usijengwe, ili watu wasikaribiane. Huo ndio mpaka mkubwa wa kwanza ambao wazee wetu waliuona kwa macho, na hapana mmoja wao aliyeulizwa.

Baadaye ikaja mipango mikuu. Ule wa mwaka 1949 ulitolewa na kampuni ya mainjinia ya Uingereza, Sir Alexander Gibb & Partners. Ile ya mwaka 1968 na mwaka 1979 ilichorwa na kampuni za Kanada. Siwadharau mafundi hao, maana kazi ya ramani ina elimu yake. Walakini tazameni hesabu. Mwaka 1948 walihesabiwa katika mji huu watu 69,227. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 wakafika 5,383,728. Ramani zilikaa kabatini, nao watu wakajenga. Leo wajuzi hukadiria ya kuwa kama watu 70 katika kila 100 wa Dar es Salaam wanakaa mahali ambapo hapakupimwa kabla ya kujengwa.

Wako waliodhani kwamba dawa ni kuwazuia watu wasije. Mwaka 1944 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawafai kukaa mjini. Hata baada ya uhuru dawa ile ile ikajaribiwa tena kwa jina jingine: mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, wasio na vitambulisho vya kazi wakakamatwa mitaani, wakapelekwa mashamba. Wengi wao wakarudi. Mtu aliyekimbia njaa hazuiwi na ukingo wa karatasi.

Hapo ndipo wenzetu wengine husema: "Kwa kuwa amri imeshindwa, tujaribu kura. Watu wote waulizwe, mji ukome wapi, na neno lao liwe sheria." Ni maneno mazuri, na si ndoto tupu. Katika jimbo la Kalifonia, Marekani, watu wa mji wa Ventura walipiga kura mwaka 1995, na wilaya yote ikafuata mwaka 1998, kwamba mashamba yaliyo nje ya mji yasigeuzwe kuwa viwanja pasipo wapiga kura wenyewe kukubali. Katika nchi ya Uswisi, mwezi wa Machi mwaka 2013, karibu watu 63 katika kila 100 waliopiga kura walikubali sheria ya kubana viwanja vya kujenga. Na mjini Berlin, mwezi wa Mei mwaka 2014, watu walikataa kwa kura nyumba zisijengwe katika uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof. Wakataka ubaki wazi kwa kupumzikia. Mahali pote hapo kura iliheshimiwa.

Nasi tusisahau ya kwetu. Mwaka 1973 matawi ya TANU yaliulizwa nchini kote kama makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma, na yaliyo mengi yakakubali. Kwa kadiri nijuavyo hilo ndilo shauri lililokaribia zaidi kuuliza watu wengi juu ya ukubwa wa Dar es Salaam, maana katika sababu zilizotolewa mojawapo ilikuwa kwamba mambo yote ya nchi yamerundikana katika bandari moja. Kura ilipigwa, uamuzi ukatangazwa. Lakini Serikali ilikaa zaidi ya miaka 40 kabla ya kuhamia Dodoma kwa nguvu zake zote, kuanzia mwaka 2016. Na katika miaka hiyo yote Dar es Salaam haikungoja. Ilikua mara nyingi kuliko ilivyokuwa siku ile ya kura. Mafunzo yake ni nini? Kwamba kura yaweza kuhamisha ofisi, lakini haihamishi sababu zinazowaleta watu mjini: bandari, soko, hospitali, shule, na matumaini.

Kwa hiyo mimi, ndugu zangu, siungi mkono kura moja kubwa ya kuuwekea mji mpaka wa nje. Sababu zangu ni tatu.

Sababu ya kwanza: anayefungiwa mlango hayumo katika daftari. Kijana wa Kigoma au wa Mtwara ambaye atakuja mwaka ujao hana kura Dar es Salaam leo. Sisi tuliokwisha ingia tu kama abiria wa basi: tulipokuwa kituoni tulisema nafasi ipo, tulipokwisha panda twamwambia kondakta afunge mlango, gari limejaa. Kura ya namna hiyo ni kura ya walioketi juu ya waliosimama. Huko Kalifonia mashamba yamesalia, ni kweli. Lakini nyumba zake ni ghali mno, na kijana wa mshahara mdogo hupata taabu kubwa kupata pa kulala. Sisemi kura peke yake ndiyo iliyoleta hayo, ila nasema mpaka usiokuwa na mpango wa nyumba huwaumiza wapangaji kwanza.

Sababu ya pili: mpaka ukiwekwa na watu wakaendelea kuja, watajibana ndani. Watajenga mabondeni. Tuliyaona Jangwani na katika bonde la Mto Msimbazi: mvua za Desemba mwaka 2011 zikawafukuza watu, baadhi yao wakapelekwa Mabwepande, na mwisho wa mwaka 2015 nyumba nyingi za bondeni zikabomolewa. Watu wale hawakupenda maji. Walikosa mahali pengine walipoweza kulipa.

Sababu ya tatu ni ya Kariakoo hasa. Kura huandikwa mahali mtu anapolala. Lakini Kariakoo ni mji wa mchana. Mwuza vitenge, mchukuzi wa mzigo, mama wa chakula na kijana wa mitumba wote hulala Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara, wakarudi alfajiri kutafuta riziki. Mwaka 2021, wachuuzi walipoondolewa kandokando ya barabara, wengi waliopoteza meza zao hawakuwa na kura katika mtaa uliowapa chakula. Ukipiga kura ya wanaolala tu, umeliacha soko nje.

Walakini msinielewe vibaya. Nikisema kura kubwa haifai, sisemi turudi kule kule kwa tangazo la ukutani. Hasha! Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenye kalamu walipoachwa peke yao, tuliona yaliyotokea. Mwaka 2008 Kigamboni ilitangazwa kuwa mahali pa mji mpya. Wenyeji wakazuiwa kujenga na kuendeleza viwanja vyao, wakae wangoje. Miaka ikapita, mji mpya haukujengwa kama ulivyochorwa, na mtu aliyekuwa na matofali yake uani aliyaona yakiota majani. Tena wakazi wa Tabata, kabla ya hapo, iliwabidi kwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kuishitaki Halmashauri ya Jiji ili moshi na takataka za jiji zisitupwe mlangoni mwao, nao wakapewa haki. Kama wangaliulizwa kwanza, wasingalihitaji wakili.

Basi njia ni ipi? Mimi naona njia iko karibu nasi, imo katika sheria zetu wenyewe, ila tumewapa wengine tukajinyima sisi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba halmashauri ya kijiji yaweza kupendekeza ardhi gani iwe ya wote na ipi iwe ya mtu mmoja mmoja, lakini kukubali ni kazi ya mkutano mkuu wa kijiji. Watu wazima wote wa kijiji hukaa chini ya mwembe, hueleza, hubishana, kisha hunyoosha mikono. Mkulima asiyejua kusoma ana neno la mwisho juu ya malisho yake. Mkazi wa Kariakoo, ambaye pengine amesoma kumpita, hana. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 yataka wenye ardhi na wadau washirikishwe katika mpango, na hilo ni jema; lakini kushirikishwa si kukubali. Mkutano wa mtaa wetu husikiliza habari, haukati shauri. Tunamchagua mwenyekiti wa mtaa kila baada ya miaka 5, kama ilivyokuwa mwezi wa Novemba mwaka 2024, kisha ramani hupita juu ya kichwa chake na chetu.

Nauliza: kwa nini mtu akiwa kijijini ahesabiwe kuwa na akili ya kutosha juu ya ardhi yake, na akipanda basi kuja mjini akili hiyo aiache stendi?

Shauri langu ni hili. Mpaka mkubwa wa jiji, barabara kuu, mabomba, maji machafu na mabonde ya hatari yabaki mikononi mwa mabaraza yaliyochaguliwa pamoja na mafundi wao. Hayo ni ya jiji zima, na mtaa mmoja usipewe nguvu ya kuyakataa, maana kila mtaa ungesema barabara ipite kwa jirani na jalala liende kwa jirani. Lakini mpango wa ndani ya mtaa, yaani ghorofa zifike ngapi, uwanja gani ubaki wazi, njia gani ya miguu isizibwe, na wachuuzi wapate nafasi wapi, usiwe halali mpaka mkutano wa mtaa umeukubali kwa mikono iliyohesabiwa. Mpangaji na mwenye nyumba wawe sawa, kila mmoja mkono mmoja. Na mahali pa soko kama Kariakoo, wafanya biashara walioandikishwa hapo wapewe kikao chao, neno lao litiwe katika jalada pamoja na lile la wakazi, na baraza lisikate shauri pasipo kuyasoma yote mawili.

Najua mtapinga. Mmoja atasema, "Watu watahongwa." Hapana shaka wako watakaojaribu, mwenye fedha za kujenga ghorofa kumi ana fedha za soda na pilau. Lakini ni vigumu kuuhonga mtaa mzima mbele ya macho ya watu kuliko kumhonga mtu mmoja ndani ya ofisi iliyofungwa, na sisi makarani twalijua hilo bila kuambiwa. Mwingine atasema, "Watu hawajui mambo ya ramani." Hilo nalikubali nusu. Yako mambo ambayo kura haiyawezi kabisa. Tarehe 16 Novemba mwaka 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, mchana, watu wakiwa madukani, wakafa watu wasiopungua 29. Nguzo haisimami kwa wingi wa mikono iliyonyooshwa. Hilo ni la injinia na mkaguzi, na yeyote atakayeleta kura mahali pa ukaguzi atawaua watu. Lakini hata hapo, mtaa unaojua kilichoruhusiwa waweza kupiga kelele mapema ukiona mtu akichimba chini ya jengo au akiongeza ghorofa lisiloandikwa. Mtaa usioambiwa neno huona tu vumbi.

Na wa tatu atasema, "Wakiulizwa, watakataa kila kitu." Sidhani. Utazameni uwanja wa Mnazi Mmoja. Uliachwa wazi kwa nia mbaya, ili Mwafrika akae mbali. Lakini uhuru ulipokuja watu hawakuujaza nyumba. Leo upo Mnara wa Mwenge, zipo bustani, na mchana watu hupumzika vivulini. Kama wakazi wa Kariakoo wangeulizwa leo kwa kura kama uwanja ule ugawiwe viwanja, nadhani wangeulinda. Mpaka si mbaya kwa kuwa ni mpaka. Ubaya wake ni kuwekewa na mtu asiyekutazama usoni. Mpaka ambao watu wameukubali wenyewe huwa na walinzi wengi, nao hawalipwi mshahara.

Namalizia kwetu sisi watumishi wa Serikali. Ndugu zangu, sheria yaweza kukawia kubadilika, lakini kalamu zetu ziko mkononi leo. Tangazo la mpango liandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, si cha kutafsiriwa neno kwa neno. Lisibandikwe ofisini tu. Lipelekwe msikitini, kanisani, sokoni, na nyumbani kwa mjumbe. Ramani ielezwe kwa majina ambayo watu hutumia: kutoka kwenye kisima hadi kwa muuza mkaa, si kwa namba za vizuizi. Na majibu ya watu yaandikwe katika jalada kama walivyoyasema, pamoja na yasiyompendeza mkubwa wetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na neno la raia ni mali pia. Karani anayeliacha neno hilo nje ya daftari amempokonya mtu kura yake kabla hajaipiga.

Yule bibi sikumwona tena ofisini. Mwaka uliofuata nilipita mtaani kwake, nikakuta nyumba yake ya vyumba sita imekwisha vunjwa na uzio wa mabati umezunguka kiwanja. Pengine aliuza kwa bei nzuri, akaenda kukaa kwa watoto wake kwa raha. Sina haki ya kusema vingine. Lakini alikuja kwetu akiwa na swali moja, nasi tulikuwa na mihuri mitatu na hatukuwa na jibu. Penye wengi hapaharibiki neno. Tuwakalishe watu hao wengi kwanza, tuwasikilize, kisha tuchore.

Mwenye fikira nyingine na aandike katika toleo lijalo, nitafurahi kusahihishwa.

Wasalaam.

Mimi ndugu yenu katika kazi,
KARANI WA KARIAKOO